Choki Imekwisha

Tulipomaliza matanga, wazee waligawa nguo za Shangazi Otilia, na mimi nikapewa kitenge chake cha kazini. Kilikuwa kimefuliwa na kukunjwa vizuri, lakini nilipokisogeza puani, petroli ilikuwa bado imo chini ya harufu ya sabuni, kama mtoto aliyejificha nyuma ya mlango. Nikacheka. Wanawake niliokuwa nimekaa nao mkekani walinigeukia, mmoja akanishika bega akidhani uchungu umenizidi. Sikumweleza. Utamwelezaje mwenzako msibani kwamba unacheka kwa sababu ya chaki?

Wenzangu wa rika langu mliokulia huku Umatengoni mnaikumbuka baridi ya msimu wa kahawa. Ukungu unalala ndani ya ngolo, yale mashimo tunayolimia kwenye miteremko, mpaka jua lipande, na mtoto anayepita shambani anaona vichwa tu vya watu wazima, kama wanaogelea. Tulichuma tukiwa peku. Vidole vikifa ganzi tulivitia kinywani pamoja na tunda jekundu la kahawa, tukafyonza utamu wake mdogo ule, tukatema mbegu kikapuni ili tusigombezwe.

Kahawa mbivu ikishachumwa haisubiri. Isipomenywa siku ileile, au ikichelewa sana asubuhi yake, inachacha, na ikichacha kazi ya mwaka mzima imekwenda bure. Zamani kwetu Namswea tulimenya kwa mashine ya mpini, watu wakipokezana kuzungusha mpaka mabega yanagoma. Kisha kikundi chetu cha wakulima wa kahawa kikapata injini ndogo ya petroli. Ilikuwa nyekundu, haizidi mbuzi aliyelala, ikafungwa kwenye gogo karibu na kijito na kuunganishwa kwa mkanda na mashine ya kumenyea. Siku ya kwanza ilipowaka, kuku wa mtaa mzima walipotea hadi jioni.

Swali likawa nani ailinde. Katika kaya zote zile, mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kuishi na injini, naye ni Shangazi, dada yake baba. Alikuwa ameolewa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, na mumewe alikuwa mvuvi mwenye mashine ya boti. Mume yule hakuona vizuri vitu vya karibu, hivyo kila plagi iliyosafishwa katika nyumba ile ilisafishwa na mkewe. Alipofiwa alirudi kwao milimani na sanduku moja, spana mbili, na desturi ya kula dagaa kila siku. Watu wakamwita Mnyasa, ingawa kitovu chake kilizikwa palepale kijijini kwetu.

Aliyempinga alikuwa Baba Mdogo Bosko. Yeye ndiye aliyekuwa na pikipiki, ndiye aliyetuletea petroli kutoka Mbinga mjini, na aliona ni haki ufunguo wa injini ukae kwake. Alisema mbele ya kikundi kwamba Mnyasa anajua maji, na huku kwetu hakuna maji, kuna milima. Shangazi akamjibu kwamba pikipiki yake inasukumwa zaidi kuliko inavyopandwa, kwa hiyo hata yeye anajua miguu tu. Watu walicheka. Mwenyekiti, Mzee Kandidus, alimkabidhi Shangazi ufunguo wa kufuli la mnyororo ulioishika injini kwenye gogo, lakini akaongeza neno moja ambalo nililisikia vizuri kwa kuwa nilikuwa nimekaa miguuni pake.

"Siku injini itakapokufa mikononi mwako, Otilia, ufunguo utakwenda kwa Bosko."

Shangazi aliufunga ufunguo kwenye pindo la kitenge chake. Hicho nilicho nacho sasa.

Nilikuwa darasa la tatu wakati huo, nalala kwa Shangazi kwa sababu hakujaliwa mtoto na mama alikuwa na sisi wengi. Kila asubuhi ya kumenya nilimfuata mpaka kwenye mstari. Mstari huo aliuchora ardhini kwa jembe, hatua tano kutoka kwenye injini, na mtoto yeyote hakuruhusiwa kuuvuka. Mtu mzima naye aliuvuka kwa masharti: kitenge kifungwe juu, shati lichomekwe, skafu ibaki nyumbani, maana mkanda ukikamata nguo hauachi mpaka umfikie mwenye nguo.

Nikiwa pale nyuma ya mstari nilijaribu kuuelewa mwenendo wake, na kwa akili yangu nikahitimisha kwamba injini ni mkwe. Tazameni wenyewe. Ilikaa mbali na jiko, na dumu la petroli lilikaa mbali zaidi, kwenye kibanda chake, kivulini. Haikuguswa ovyo. Kabla ya kuamshwa aliichungulia oili kwa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akachungulia tena, kama mtu anayehakikisha mgeni amelala salama. Ikiwa imetoka kufanya kazi hakuipa petroli mpaka ipoe. Bosko alipoharakisha siku moja, dumu tayari mkononi, Shangazi alimwambia hata yeye akitoka kupanda mlima hapewi kinywaji kabla hajakaa kitako. Wala hakuijaza mpaka juu. Aliacha nafasi, kama mtu mwenye adabu anavyoacha tonge sahanini. Na petroli yote aliichuja kwa kitambaa cheupe ambacho ole wako ujifutie kamasi.

Banda la injini halikuwa na kuta. Mzee Kandidus alitaka lizungushiwe matete kwa sababu ya baridi, Shangazi akakataa kabisa. Alisema moshi wa kuni una ustaarabu, unakuwasha macho mpaka utoke mwenyewe, lakini moshi wa injini ukifungiwa nao ndani unakubembeleza ulale, na huamki. Mimi nilielewa kwamba mkwe hapendi kufungiwa.

Sasa nifike kwenye choki.

Asubuhi za baridi injini ilikuwa haiwaki hivihivi. Shangazi aliinama juu yake, mgongo umenielekea, mkono wake wa kushoto ukafanya jambo upande nisiouona, kisha wa kulia ukavuta kamba. Kila mara alisema peke yake, kwa sauti ya kubembeleza, "Haya, choki kidogo." Injini ikakohoa, ikashika. Mkono wa kushoto ukafanya jambo lingine taratibu, kikohozi kikaisha. Mimi neno choki sikuwahi kulisikia popote. Nililolijua ni chaki. Kwa hiyo nilisikia chaki, na sikuona ajabu. Chaki ndiyo iliyoufanya ubao mweusi useme; kwa nini isiifanye injini nayo iseme?

Ijumaa moja, katikati ya msimu, injini ilisumbua kuliko siku zote. Shangazi alivuta kamba mpaka jasho likamtoka katika baridi ile. Ilipowaka hatimaye, alirudi nyuma, akajishika kiuno, akamwambia mama:

"Wifi, choki imekwisha. Itabidi nikatafute nyingine mjini."

Leo najua maana yake. Kile kijiwenzo kidogo cha choki, kishikio cha kuvuta kwa kidole, kilikuwa kimelika, hakishiki. Lakini mimi nilisikia chaki imekwisha, kama chumvi inavyokwisha, kama kiberiti kinavyokwisha. Na kesho yake, Jumamosi, ilikuwa siku kubwa ya kuchuma. Mjini ni mbali. Tena chaki nilijua zilipo.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa mkoa wa mbali, hakuizoea baridi yetu, alifundisha amejifunga shuka. Boksi la chaki aliliweka dirishani. Mchana ule nilichukua nne. Sitaki kusema niliazima. Niliiba, na nilijua naiba, ila nilijiambia ni kwa ajili ya Shangazi.

Nilipofika nyumbani nilizisaga kwa jiwe mpaka zikawa unga laini, kama mama alivyotusagia vidonge vichungu, kwa sababu injini haina meno. Jioni Shangazi alipokwenda mazoezi ya kwaya kanisani, nikaenda kijitoni. Naomba mniamini, nilifuata sheria zake zote. Nilijifunga kitenge juu. Nilihakikisha hakuna moto karibu. Niliigusa injini kwa nyuma ya vidole kuona kama imepoa. Kisha nikavuka mstari, ambayo ndiyo sheria moja niliyoivunja, nikafungua mfuniko wa tangi, nikamimina unga wote, nikafunga vizuri. Nilirudi nyumbani nikiwa mtoto mwenye furaha kuliko wote Umatengoni.

Jumamosi watu walichuma mpaka vikapu vikakosa. Mchana kahawa ilikuwa imerundikwa kijitoni, nyekundu, inang'aa. Shangazi alichungulia oili, akainama, akashindana na kile kijiwenzo, akavuta kamba. Injini ikawaka vizuri kabisa, nami nikatazama huku na huku nione kama kuna atakayenishukuru. Haikumaliza debe la tatu. Ilipunguza sauti, ikakohoa, ikanyamaza.

Shangazi hakuhangaika. Alitoa kwanza waya wa plagi, maana hakugusa kitu chochote karibu na mkanda waya ule ukiwa mahali pake. Akafungua plagi, akaipangusa, akairudisha. Akavuta. Kimya. Akatoa chujio la hewa, akalikung'uta vumbi. Kimya. Watu wakaanza kusogea. Bosko akasema kwa sauti ya mtu anayesikitika, lakini si sana, kwamba alishasema. Mwingine akamrukia, kwamba labda petroli yake imeongezewa mafuta ya taa njiani. Bosko akaapa. Mzee Kandidus akawatuliza, akasema kahawa kwanza, maneno kesho baada ya ibada. Mashine ya mpini ikarudishwa kutoka ghalani, na jioni ile nilisikia watu wazima wakiguna kama ng'ombe wanaovuta mkokoteni.

Mimi sikujua kitu. Hapo ndipo watu hawaniamini, lakini ndivyo ilivyokuwa. Niliona tu kwamba chaki ilikuwa kidogo.

Kabla jua halijazama Shangazi alifunga koki ya petroli, akaimimina petroli yote kwenye bakuli, akafungua kile kikombe kidogo kilicho chini ya kabureta. Ndani kulikuwa na tope jeupe, zito kama uji wa mtoto. Akalisugua kati ya vidole. Akanitazama, nami nikiwa nyuma ya mstari, mtiifu.

"Nenda kanawe mikono," aliniambia. "Mpaka kwenye kucha."

Nilidhani tunakwenda kula.

Jumapili, baada ya misa, kikundi kilikaa kijitoni. Shangazi alikuja na lile bakuli, amelifunika kwa sahani. Mzee Kandidus alitaka kuona, akaona, bakuli likapita mkono kwa mkono, kila mtu akanusa na kukunja uso. Kisha macho yote yakamwendea Bosko. Alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake, akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Mtu mmoja alisema wazi kwamba mwizi wa petroli hujulikana kwa uchafu anaoujazia. Hakuna aliyebisha. Kama Shangazi angenyamaza tu, asiongeze hata neno, ufunguo ungebaki kwenye pindo lake na Bosko asingeletea kikundi petroli tena.

Mzee Kandidus alimgeukia. "Sema wewe, Otilia. Ni petroli au ni mkono wako?"

"Petroli ya Bosko ni safi," alisema Shangazi. "Niliichuja mwenyewe siku aliyoileta, kitambaa kikabaki cheupe. Uchafu huu umeingia injini ikiwa kwangu."

"Umeingiaje?"

"Mlinzi ni mimi, Mzee. Hayo mengine niachie."

Akafungua pindo la kitenge, akatoa ufunguo, akauweka juu ya gunia mbele ya mwenyekiti. Nakumbuka sauti ya ufunguo ulipogusa gunia, ambayo haikuwa sauti kabisa. Hapo ndipo nilipoona uso wa Shangazi. Ulikuwa uso wa siku aliyotoka Liuli na sanduku lake. Nikaelewa jambo moja tu, kwamba injini wanamnyang'anya, na wanamnyang'anya kwa sababu imelala, na imelala kwa sababu yangu, kwa kuwa sikuipa ya kutosha. Nikasimama.

"Shangazi," nikasema, "kwani chaki nne hazikutosha?"

Mzee Kandidus alitega sikio. "Chaki gani, mtoto?"

"Za injini. Alisema zimekwisha. Nilizisaga."

Shangazi alijiziba mdomo, mabega yakaanza kumtikisika, nikajua nimemliza na mimi nikaanza kulia. Kumbe alikuwa anacheka. Alijaribu kusema, akashindwa, akajaribu tena. "Choki," alisema. "Nilisema choki." Bosko ndiye aliyeelewa wa kwanza, akateremka kwenye pikipiki, akakaa chini kwenye majani na kupiga goti lake kwa kofia. Halafu kicheko kikazunguka kikundi chote, mpaka kikamfikia Mzee Kandidus, ambaye sikuwahi kuyaona meno yake kabla ya siku ile.

Walipochoka kucheka, ufunguo ulikuwa bado juu ya gunia. Bosko akauokota. Akaukung'uta vumbi ambalo halikuwepo, akampelekea Shangazi.

"Mzee, mimi ufunguo huu siutaki," alisema. "Otilia angependa, leo ningerudi nyumbani nikiwa mwizi."

Alasiri ileile Shangazi alinishika mkono tukavuka mstari pamoja. Alinionyesha kijiwenzo kidogo, hakizidi ukucha wa gumba, ubavuni mwa kabureta. Hii ndiyo choki. Injini ikiwa na baridi unaivuta, inaibania hewa, petroli inazidi kidogo, inashika. Ikishashika unairudisha. Usiirudishe kwa ghafla, alisema, itazimika. Irudishe kadiri inavyopata joto. Tukaosha tangi, tukapuliza tundu dogo la kabureta, ambalo ni jembamba kama tundu la sindano na ndilo lililozibwa na darasa langu la tatu. Kijiwenzo kilicholika alikifunga kwa waya mpaka Bosko alipoleta kipya.

Jumatatu nilimwambia mwalimu. Alijifunga shuka lake vizuri, akaniuliza nieleze tena tangu mwanzo, kisha akatoka nje ya darasa akakaa huko kwa muda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alinipa adhabu ya kufuta ubao mwezi mzima, na kipande kimoja cha chaki nimpelekee Shangazi. Kwa chaki hiyo Shangazi aliniandikisha juu ya ubao wa mbao alioupigilia kwenye nguzo ya banda: oili kwanza, petroli ikipoa, waya wa plagi utoke, nguo zifungwe. Na mwisho, kwa herufi kubwa, CHOKI SI CHAKI. Mvua ilifuta, nikaandika tena, msimu hadi msimu. Mpaka leo kijijini mtu akisikia vibaya anaambiwa choki si chaki, hata na wasiojua ilikotoka. Na mimi, niliyeishia darasa la saba, naitwa Mwalimu.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza Shangazi kama alijua. Alisema aliona weupe kwenye kucha zangu tangu Jumamosi, na alipanga kuniuliza nyumbani, tukiwa wawili, kwa sababu mtoto haulizwi mambo kama hayo mbele ya watu wenye hasira. Kwa hiyo ufunguo alikuwa ameutoa kweli.

Nayaandika haya kwa sababu kwenye matanga Baba Mdogo Bosko, ambaye sasa ni mzee na anatembea na fimbo, aliwasimulia vijana kisa hiki, na mdomoni mwake mimi nilikuwa mtoto jasiri niliyesimama kukiri kosa ili kumwokoa Shangazi. Watu wakanitazama kwa heshima. Nilinyamaza, na kunyamaza kule kumenisumbua. Sikukiri. Niliuliza. Sikujua kama kuna kosa. Aliyesema ukweli siku ile akijua utamgharimu nini alikuwa mmoja tu, na ndiye tuliyemzika.

Siku ya mazishi injini haikuwashwa. Asubuhi baada ya kugawana nguo nilijifunga kile kitenge, nikakifunga juu, nikateremka kijitoni. Injini ya sasa ni nyingine, ile nyekundu ilishachoka, lakini gogo ni lilelile. Bosko alikuwa ametangulia, amesimama nyuma ya mstari, amejikunyata kwenye koti. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akanyoosha fimbo yake kuelekea kwenye injini.

"Haya, Mwalimu. Vuta wewe."

Nikachungulia oili. Nikatazama petroli. Nikavuta choki, nikashika kamba, nikavuta mara mbili, injini ikakohoa ikashika, na kuku wakakimbia.

"Chaki zimetosha?" Bosko aliuliza.

"Zimetosha, Baba Mdogo."

Baridi ilikuwa kali. Niliirudisha choki taratibu, kidogo, kisha kidogo tena, kadiri ilivyopata joto, mpaka ikaacha kukohoa.